P3 (darasa la tatu) wako 78, hela ya sanaa hakuna, siku ya wazazi imekaribia

ticha_mbale:
Habarini wakubwa. Nafundisha P3, watoto 78, siku ya wazazi ni wiki tatu zijazo na mwalimu mkuu anataka ukuta ujae kazi za watoto ila hela ya manila na rangi hakuna, halafu wenzangu wananicheka ati sanaa ya nini wakati PLE, mtihani wa kumaliza msingi hapa Uganda, inauliza Kiingereza, hesabu, sayansi na SST (maarifa ya jamii) basi. Nisaidieni kitu cha bure au karibu na bure, na sitaki ile ya kuchora chungu ubaoni halafu wote wanakopi chungu kilekile mara 78 😅

mama_shanga:
Pole mwalimu. Shanga za kalenda za zamani! Kata pembetatu ndefu nyembamba, unaviringisha kwenye njiti ya ufagio ukianzia upande mpana, ile ncha inaishia katikati unaibandika, ndo ushanga unapata tumbo. Ukikata upana sawa utapata kibomba tu. Kukata waombe P7 wakusaidie, P3 waviringishe na wachague rangi wenyewe. Vanishi achana nayo, itaishia kwenye yunifomu.

jumajinja:
Mimi nasema byayi, yale maganda makavu ya mgomba. Rangi zimo humohumo, kuna ya maziwa, kahawia, mpaka karibu nyeusi, mtoto anachana anabandika kwenye kipande cha boksi. Gundi pika na unga wa muhogo, iwe uji mzito. Kijana wangu mwaka jana alitengeneza boda ya byayi, abiria watatu na mbuzi juu, na hakuna aliyemwambia aweke mbuzi. ILA panya wanapenda muhogo jamani, kazi ziliachwa sakafuni Ijumaa, Jumatatu tukakuta boda haina magurudumu, mbuzi ndo kabisaa

baba_wawili:
Ombi langu moja, msiwape kama homuwaka. Wangu aliambiwa alete kikapu, mtoto wa miaka minane atasuka kikapu lini? Nikanunua kwa mama mmoja sokoni, tukapata 9 kwa 10. Nasema tukapata kwa sababu ile maki ni yangu mimi na yule mama.

wa_masaka:
😂😂 @baba_wawili umesema kweli. Ticha, kama una mtu anakuja huku Masaka mwambie apitie kwa mafundi wa lubugo aombe mabaki. Ni gome la mti wa mutuba linagongwa na nyundo za mbao mpaka linakuwa kama kitambaa, UNESCO wenyewe walilitambua 2005. Mtoto akichorea chaki juu yake inatokea vizuri, na panya hawana shida nalo.

ticha_mbale:
Asanteni sana. Naanza na byayi maana migomba iko nyuma ya darasa, shanga zitafuata kalenda zikipatikana. Kazi zote nitaning'iniza kwenye kamba. @jumajinja huyo mbuzi alirudishwa?

jumajinja:
Alirudishwa, sasa wako wawili.