Nani hupanga mshahara wa mwakilishi wa wadi?

Wenzangu wa Mombasa, marehemu babangu alikuwa diwani enzi za manispaa, akilipwa posho. Leo mwakilishi wadi ana mshahara kamili. Ilibadilika vipi?

— Ni Katiba ya 2010, mwanangu. Kifungu cha 230 kiliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, nayo ndiyo hupanga mshahara huo. Machi 2013 tukachagua bunge la kaunti, wadi 30 hapa kwetu, na madiwani wakaisha.

— Shikamoo mzee. Ongeza hili: mwaka huohuo wawakilishi wa kaunti nyingi waligoma wakidai nyongeza. Wala sikupendezwa, kazi ilikuwa haijaanza!

— Viwango huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi. Someni, jamani, ni pesa zetu.

— Ahsanteni. Kesho naanza na la 2013.