Staringi wetu hataki mazoezi ya mapigano: tumsubiri, au tumfiche kwa kamera?

Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, na tafadhali msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi na wenzangu tunatengeneza filamu fupi ya mapigano hapa Dar. Hadithi ipo, sehemu za kurekodia zipo, hela ni ya kuungaunga. Shida ni staringi. Jamaa anaigiza vizuri mno, akikaa kimya tu unaona kabisa huyu mtu kafiwa. Lakini mazoezi ya kupigana hataki. Anasema mhariri atajua cha kufanya: kamera itikiswe, shoti zikatwe fupi fupi, ngumi isionekane inatua wapi. Na mhariri kakubali.

Roho yangu inakataa. Kilichonifanya nipende kazi hii ni filamu za John Wick. Unamwona Keanu Reeves mwili mzima, anamkamata mtu, anamzungusha, anamlaza chini, na kabla hajamwachia anampiga risasi wa pili anayekuja, ndipo anamrudia wa chini. Risasi zikimwishia unamwona anabadilisha magazini. Muda wote huo kamera imetulia. Mimi nataka hicho, hata kwa dakika mbili tu. Je, nisimamishe kazi mpaka ajifunze, nitafute mwingine, au nikubali ya mhariri? Tukichelewa sana wenzangu watatawanyika, kila mtu ana shughuli zake.

Mzee wa Kanda

Mdogo wangu, usione vyaelea. Keanu hakuanza kama mpiganaji. Mwishoni mwa miaka ya 80 watu walimjua kwa vichekesho, akaja kushika mapigano na Point Break ya 1991, kisha Speed ya 1994, ile ya basi lenye bomu. Kwa The Matrix ya 1999, yeye na wenzake walifanya mazoezi miezi kadhaa chini ya Yuen Woo-ping, bingwa wa kupanga mapigano kutoka Hong Kong, kabla kamera haijawashwa. Na alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa shingo! Mateke hakuyaweza mwanzoni, basi wakamwanzisha na mikono.

Sasa sikiliza hapa. Kwenye The Matrix, aliyekuwa akiingia badala yake sehemu za hatari ni Chad Stahelski. Huyo huyo ndiye aliyekuja kuongoza John Wick zote nne, kuanzia 2014 hadi 2023, ile ya kwanza akishirikiana na David Leitch, naye pia katoka kwenye stanti, yaani kufanya michezo ya hatari badala ya waigizaji. Hawa wanajua mwili wa mtu unafanya nini ukirushwa, ndiyo maana hawakuona sababu ya kuficha.

Mwambie staringi wako na hili: John Wick ya kwanza ilipotoka Oktoba 2014, Keanu alikuwa ametimiza miaka 50 mwezi uliotangulia. Mwaka wa nyuma yake filamu yake 47 Ronin ilikuwa imeanguka vibaya sokoni. Mtu wa umri huo na jina hilo akarudi kujifunza judo, jujitsu na kulenga shabaha kama mwanafunzi.

Fundi Mkasi

Naomba nimtetee kidogo mhariri, maana ndiyo kazi yangu. Kamera ya kutikisika si wizi. Angalia filamu za Jason Bourne alizoongoza Paul Greengrass, ya 2004 na ya 2007. Matt Damon anapigana na jarida lililoviringishwa mkononi, kamera inahangaika, na wewe mtazamaji unahangaika nayo. Inafanya kazi vizuri sana.

Ila Damon alijifunza mtindo wa mapigano wa Ufilipino uitwao Kali, na kila hatua ilipangwa. Walitikisa kitu ambacho tayari kipo. Kinachoombwa kwako ni kutikisa hewa. Nimeshaletewa mafaili ya namna hiyo: unatafuta sekunde moja ambayo mkono umekwenda upande sahihi, huioni. Usimfanyie mwenzangu hivyo.

Bahari Kuu

Badilisha staringi. Kibandani watu wanafuata mapigano hata kama Kiingereza hawakielewi. Wakishaona ngumi ya uongo wanapiga kelele, na hiyo sura yake ya huzuni haitamwokoa.

Dada wa Mkeka

Kaka, usimfukuze bado. Mimi nafundisha judo, na naona wote mnamtazama anayerusha tu. Mzigo mkubwa uko kwa anayerushwa. Staringi wako anahitaji vitu vitatu: kushika mkono wa nguo na kola, kuingiza nyonga chini ya nyonga ya mwenzake, na kugeuka. Mwenzake ndiye anayejua kuruka kwa wakati, kukunja kidevu kifuani na kupiga mkeka kwa mkono mzima ili mgongo usipokee uzito wote. Tafuta huyo mwangukaji mzuri kwanza, staringi ataonekana simba.

Halafu tengeneza mapigano kwa mwili alio nao, kama walivyofanya kwa ile shingo. Kama goti lake bovu, asipige teke. Na Keanu mwenyewe hafanyi kila kitu: kule Paris, kwenye ngazi za kupanda kanisa la Sacré-Cœur katika John Wick ya nne, aliyebingirika ni mcheza stanti Mfaransa, Vincent Bouillon. Mwangukaji wako muandike jina lake wazi kwenye filamu. Hata Oscar wametangaza tuzo ya stanti kwa filamu za kuanzia 2027.

Bunduki nakuomba sana ziwe za plastiki tupu, mwale wa risasi mhariri auweke kwenye kompyuta. Mwaka 1993 Brandon Lee alikufa kwa bunduki ya kuigizia wakirekodi The Crow, na Stahelski, rafiki yake wa mazoezini, ni mmoja wa waliosimama badala yake filamu ikamalizika. Tena msitoe hata hizo za plastiki barabarani kabla polisi na serikali ya mtaa hawajajua. Kibali cha Bodi ya Filamu naamini mnacho.

Mwenye uzi

Nashukuruni sana wakuu. Nimemsomea staringi habari ya upasuaji wa shingo, akanyamaza, kisha akauliza mazoezi ni saa ngapi. Kumbe anaogopa bega lake, liliwahi kuteguka, na hakuwahi kutuambia. Tunaanza na sehemu zote za maongezi, mapigano tunayasukuma mwisho ili apate muda.

Dada wa Mkeka, mtu wa bega la namna hiyo anaanza na nini? Na mikeka ya kukodi inapatikana wapi hapa mjini? Tulikuwa tunataka kutumia magodoro.

Dada wa Mkeka

Magodoro hapana, mguu unazama na kifundo kinageuka. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze. Kwanza aende kwa mtaalamu wa viungo aangaliwe hilo bega, na mwambie mtupo wa kwanza atafanya kwa upande ule mwingine.