Shotigani ya urithi: nisome alama mwenyewe, nilipie barua ng'ambo, au nimwachie muuza silaha?

Mkaazi_wa_Kuze
Assalaam alaikum. Marehemu ami kaacha shotigani ya mitutu miwili. Kabla ya mwisho wa mwezi familia yataka jibu: tuombe cheti kwa jina langu au tuiuze. Nataka nijue kwanza asili yake na mwaka wake. Njia ni tatu: kusoma alama zilizogongwa kwenye chuma, kulipia hifadhi za nyaraka ng'ambo waniandikie barua ya asili yake, au kumlipa muuza silaha aikague. Ipi ina faida?

Kipimo
Waalaikum salaam. Umeuliza njia, bunduki yenyewe hukuisema. Kipimo cha tundu ni 12 au 16? Ina nyundo za nje? Jina gani limeandikwa, na wapi? Na sasa hivi iko wapi?

Bamburi77
Hilo la mwisho ndilo la kwanza. Kwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, cheti ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na kabati. Kama iko nyumbani, msiibebe kwa tuktuk. Pigeni simu kituoni waje waichukue, mwandikishiane. Ami alipita uhakiki wa wenye silaha ulioanza Desemba 2018? Ulizeni hilo kabla ya kulipa mtu yeyote.

Mkaazi_wa_Kuze
Iko kwa muuza silaha mwenye leseni, alhamdulillahi, risiti tunayo. Ni 12, haina nyundo za nje. Jina ni la Kiingereza, juu kati ya mitutu.

Mwana_Shimba
Mimi nasema barua. Karatasi yapandisha bei. Kule makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming, Marekani, wanatunza daftari za viwanda vya Winchester, Marlin na L.C. Smith. Wapa namba, wakwambia ilitoka kiwandani lini.

Kipimo
Kwa hizo tatu sawa, na hata hapo si kila namba imo. Lakini shotigani nyingi za bei ya chini ziliandikwa jina la duka lililoagiza, si la kiwanda, na mafundi wa Liège, Ubelgiji, walizichonga majina yenye sauti ya Kiingereza bila haya. Za Marekani, hadi sheria ya 1968, nyingine hazikuwa na namba kabisa. Utalipia kutafutiwa daftari ambalo halikuwahi kuandikwa.

Soma chuma. Muuza silaha aifungue mbele yako: atoe ubao wa mbele, aikunje, mitutu itatoka. Ipindue, mihuri ya jumba la majaribio ya silaha iko kwenye mabapa mawili ya chini, karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Mafuta ya taa kidogo na mswaki laini, kisha sugua chaki na ufute juu kwa kitambaa, chaki ibaki ndani ya alama. Tochi imulike kwa ubavu, si kwa juu.

Taji juu ya BP (jaribio la awali) na BV (ukaguzi wa macho) ni Birmingham, Uingereza, 1904 na kuendelea. Ukiona na NP, ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Usipoiona, ichukulie ya baruti nyeusi tu. BNP pamoja na tani za shinikizo, kwa mfano 3 TONS, ni kuanzia 1954. ELG ndani ya yai ni Liège. Ikivikwa taji ni kuanzia 1893. Wahispania walianza herufi za mwaka 1927, kwa A.

BintiMakupa
Na chemba ipimwe. Nyingi za zamani ni mm 65. Risasi ya mm 70 huitwa hivyo ikiwa imeshafunguka. Kabla ya kupigwa mdomo umekunjwa, ina kama mm 58, basi yaingia bila kukwama na mtu adhani ni sawa. Ikilipuka, mdomo wafungukia pale mtutu unapoanza kubana na shinikizo lapanda. Tundu la mtutu nalo: alama ya kipimo 13/1 ni mm 18.26. Ukipima sm 23 kutoka nyuma ukapata 18.5 kwenda juu, umeliwa na kutu au msasa, na muhuri haukulindi tena.

Mkaazi_wa_Kuze
Kuna kutu, alama hazionekani vizuri. Fundi mmoja Changamwe asema ataing'arisha na kuipaka nyeusi upya. Nianze hapo?

Bamburi77
Usithubutu! Kuna moja ya Kilifi ilipelekwa kwa fundi wa aina hiyo. Gurudumu la kung'arishia lilikula kingo za herufi kwanza, taji likafutika, ikabaki B pekee ambayo haina maana yoyote. Namba nayo: 3 ikawa kama 8. Kisha akaitumbukiza mitutu kwenye dawa ya moto ya kostiki. Hiyo ni ya mtutu mmoja. Mitutu miwili imeunganishwa kwa solda, na kostiki yaila solda. Utepe wa katikati ukaachia, dawa ikabaki ndani yake ikitoa kutu kutoka chini. Ukaguzi ulipofika, namba haikulingana na cheti, na bunduki ikazuiwa. Weusi ulipendeza, hilo sikatai.

Mwana_Shimba
Kama ni ya shamba Kwale, weusi wa nini? Nyani haangalii rangi.

BintiMakupa
Nyani ni mnyama pori. Uwindaji umefungwa tangu 1977, waulizeni KWS, shirika la wanyamapori, kwanza.

Mwana_Shimba
Basi kunguru. Hawa wa Bara Hindi hawana mtu anayewatetea.

Bamburi77
Mjini? Marisawa yakimkosa kunguru yashukia bati la jirani, na hapo kesi ni yako na cheti chako.

Mkaazi_wa_Kuze
Nimepata picha: taji, chini yake B, halafu P au V, sijui. Mtutu wa pili haukutoka vizuri.

Kipimo
P na V ni mihuri miwili tofauti, na yafaa uione yote. Rudia kwa chaki, mitutu yote, na uangalie NP kama ipo.

Mwana_Shimba
Kunguru wa Kwale je, si mjini?