Mama ameambiwa aonyeshe kaburi la babu

Kutoka: Editha, Göteborg

Wana Kigoma wenzangu, mwakeye.

Naandika nikiwa nimechanganyikiwa. Pasipoti yangu inaisha Machi, na huku kibali cha kuishi hakihuishwi bila pasipoti iliyo hai. Niliomba mpya mapema, alama za vidole nikatoa, ada nikalipa. Nimejibiwa kwamba maombi yamesimama mpaka uraia wa wazazi wangu uhakikiwe nyumbani. Baba alishatangulia mbele za haki. Amebaki mama, yuko Kasulu, mzaliwa wa 1954.

Mama ameitwa ofisi ya Uhamiaji mara tatu. Mara ya kwanza alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua linazama, hakuambiwa ana kosa gani wala kama anaruhusiwa kuondoka. Mara ya pili akaulizwa majina ya babu na bibi zake wa pande zote mbili na vijiji walivyozaliwa. Mara ya tatu kijana wa umri wa mjukuu wake akamwambia Kiha chake kina lafudhi ya ng'ambo, basi aende akaonyeshe kaburi la baba yake. Kaburi la babu liko kwenye mahame. Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, iliwahamisha, nyumba zikaachwa, na leo pale ni shamba la mihogo la mtu mwingine. Mama alipanda bodaboda, akazunguka kwenye mihogo ya watu akitafuta mawe matatu. Hakuyaona. Alinipigia analia.

Mdogo wangu anasema kuna mtu wa kuongea naye. Laki tatu, yaishe. Nitume?


Kutoka: Ramadhani, Muscat

Dada Editha, pole sana. Mimi nilitoa kwa ajili ya mdogo wangu aliyekuwa anahangaikia namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Chuo kilikuwa kinakaribia kufunga usajili, nikaogopa. Namba haikutoka, na aliyepokea akahamishwa kituo. Usitume.


Kutoka: Mzee Yohana, Edmonton

Editha mwanangu, pole, na mfikishie mama salamu zangu.

Usitume, na sisemi hivyo kwa kuonea uchungu laki tatu. Ukilipa leo, kesho watauliza: kama ni raia, alilipia nini? Fedha hiyo haina risiti, na anayefuata kwenye lile benchi ataambiwa bei ni laki tano.

Uelewe kwanza kwa nini wanauliza habari za babu, maana swali lenyewe lina mzizi katika sheria, ila limevutwa likapita kiasi. Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika chini ya Waingereza aliingia kwenye uraia siku hiyo kama angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Mama yako ni wa 1954. Kwake swali ni moja tu: baba yake au mama yake alizaliwa upande wetu? Mmoja anatosha. Sheria haidai babu na bibi wa pande zote, haipimi lafudhi, na kaburi haikulitaja popote. Wewe uliyezaliwa baada ya Muungano unasimama juu ya uraia wa mzazi.

Kwa hiyo tafuteni karatasi ya huyo mzazi mmoja. Anzeni na kitabu cha ubatizo misheni, mapadre wa zamani waliandika kila kitu. Tafuteni kadi ya TANU, stakabadhi za kodi ya kichwa, na kipande cha mkonge. Wazee wetu wengi walikwenda manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, Tanga na Morogoro. Cha marehemu baba yangu ninacho hapa mezani: kadi ngumu iliyokatika pembe, miraba ya siku 30, kila siku aliyomaliza kazi imetiwa alama, na juu karani kaandika kwa wino wa buluu "Kasulu". Hakujua kusoma. Aliitunza ndani ya mkebe kwa sababu aliambiwa asiitupe.

Na mkikuta karatasi ya Kifaransa msishtuke wala msiifiche. Wabelgiji walishika Kigoma tangu 1916 mpaka 1921, ndipo wakawaachia Waingereza. Mzee aliyezaliwa Heru mwaka 1918 alizaliwa Wabelgiji wakiwepo. Hilo halimfanyi Mrundi.

Sasa lile linaloniuma. Sisi Waha tunaelewana na Warundi bila mkalimani, na kwa hilo tu kila Muha ni mtuhumiwa mpaka ajisafishe. Lakini silaha hii haikuishia kwetu. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyekuwa amekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa si raia. Mwaka 2017 Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alihojiwa uraia wake baada ya kusema hadharani kwamba nchi inahitaji katiba mpya. Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alikamatwa, tukaambiwa kwanza ni suala la uraia, kisha mashtaka yakaja mengine kabisa. Hao wana majina, magazeti yaliandika. Mama wa Kasulu anayekaa kwenye benchi siku nzima nani anamwandika?

Waandikieni Uhamiaji barua ya malalamiko, na kuna kesi nataka muitaje humo. Anudo Ochieng Anudo alinyang'anywa pasipoti mwaka 2012 akiwa anafuatilia taratibu za kufunga ndoa. Mwaka 2014 akasukumwa Kenya, Kenya nayo ikamkataa, akakwama mpakani, hana nchi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale pale kwetu Arusha, iliamua tarehe 22 Machi 2018 kwamba kwa kuwa alikuwa na nyaraka za uraia, na serikali ndiyo inayozipinga, basi mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Wewe una pasipoti ya zamani, waliitoa wenyewe. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2020 mwananchi wa kwetu hawezi tena kupeleka shauri jipya moja kwa moja pale, serikali iliondoa tamko lake la kuruhusu hilo. Hukumu iliyokwisha kutolewa haikufutika.

Mama asiende tena peke yake. Aende na mwenyekiti wa kijiji na mzee mmoja anayemzidi umri. Aombe wito kwa maandishi. Mdogo wako aandike kwenye daftari saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani alisema nini. Wakimkalisha, aulize kwa sauti ya kusikika: nimekamatwa, au niko huru kuondoka? Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu, haruhusiwi kuzuiwa ila kwa utaratibu wa sheria. Na aliyekamatwa kwa kosa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, ukiacha makosa ya adhabu ya kifo, au apewe dhamana. Dhamana ya polisi hailipiwi. Barua iende ofisini kwao, nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kulalamika kwa Tume ni bure. Ulizieni pia wasaidizi wa kisheria walio karibu, sheria ya mwaka 2017 inawatambua.


Kutoka: Juma, Minneapolis

Mzee Yohana, shikamoo. Kwa heshima zote, sisi tuko mbali na tumeshiba. Barua yenye nakala kwa Tume itamfikia mtu mwenye hasira, na atakayekuwa kwenye benchi ni mama, si sisi. Nyumbani kwetu mkuu wa wilaya anaweza kuagiza mtu awekwe ndani saa 48. Nimeyaona kwa macho yangu.


Kutoka: Mzee Yohana, Edmonton

Marahaba Juma. Hofu yako ni ya kweli, na hizo saa 48 ziko kwenye sheria ya tawala za mikoa ya 1997. Ila hata hapo sheria inataka awe mtu anayehatarisha amani, na sababu ziandikwe. Kutafuta kaburi la baba yako si kuvunja amani. Hata hivyo umesema jambo ambalo nilipaswa kulisema mimi: mwenye kuamua ni mama. Editha, mwulize. Akisema hapana, tunaacha.


Kutoka: Editha, Göteborg

Shikamoo Mzee Yohana, na wote asanteni. Zimepita wiki tatu, nilitaka niwe na la kusema.

Nilimsomea mama barua kwa simu, mstari kwa mstari. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema niongeze kwamba alikuwa na njaa siku ile na hakuruhusiwa kwenda kunywa chai. Nikaongeza. Ameweka dole gumba mwenyewe.

Misheni wamelipata jina la babu kwenye kitabu cha ubatizo, pamoja na la baba yake na kijiji. Mama alikwenda na mwenyekiti na babu mmoja jirani, ambaye alikuwemo kwenye kuchimba kaburi lile. Yule mzee hakutafuta mawe. Alitafuta mti wa mvumu, akahesabu hatua kutoka hapo, akasimama kwenye mihogo akasema ni hapa. Walifukua kidogo wakayaona mawe mawili. Mwenye shamba aliwaletea maji, akasema hatapalilia tena sehemu hiyo.

Ofisini barua imepokelewa na nakala ya mama imegongwa muhuri wenye tarehe. Kwa mara ya kwanza alipewa kiti, akatoka baada ya saa moja. Pasipoti bado. Huku nimewasilisha maombi ya kibali kabla muda haujaisha, nikaambatisha barua ya kuonyesha kwamba pasipoti inashughulikiwa.

Laki tatu sikutuma. Elfu arobaini nimemtumia mwenye shamba kwa mihogo iliyong'olewa, alikuwa hakuomba.

Anayetoka nyumbani Januari kuja Ulaya, mwenye nafasi ya bahasha moja, naomba aniandikie. Cheti cha ubatizo cha babu sitaki kukiamini kwa posta.