Filta mpya ya Fielder inavuja oili

Kondele_KSM: Wadau, filta mpya ya oili ya Toyota Fielder (injini ya 1NZ-FE) inavuja oili pale inapokaa, ingawa imekazwa sana. Shida ni nini? Na injini hii huchukua lita ngapi?

SpanaMkononi: Usiikaze zaidi. Zima injini, ifungue. Mara nyingi mpira wa filta ya zamani hubaki umenata kwenye injini na mpya ukakaa juu yake. Mipira miwili haizibi. Presha ikipanda, oili yote inaweza kumwagika kwa dakika chache, injini ife. Toa wa zamani, pangusa, paka mpira mpya oili safi, funga kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia tu.

Nakuru_58: Lita 3.7 pamoja na filta, oili ya daraja la 5W-30. Usimalize mtungi wa lita 4. Mimina 3.5, washa kidogo, zima, ngoja dakika 5, upime gari likiwa mahali tambarare. Mteremko wa kilima cha Riat hapo Kisumu utakudanganya.

SpanaMkononi: Na nati ya sampu (ya kumwagia oili chini ya injini), ya spana namba 14, iwekee washa (pete ya kuziba) mpya. Oili chafu peleka gereji. Ya mtaroni huishia ziwani.