Mjadala: Hewa ukaa ikizikwa ardhini, tathmini ipi itoshe kutoa kibali?

Mleta mada
Wadau, naweka hoja. Hewa ukaa inayonaswa viwandani inaweza kusukumwa chini ya ardhi, mita 800 au zaidi, ambako mgandamizo unaifanya iwe nzito karibu kama kimiminika. Hujipenyeza kwenye vitundu vya mwamba wa mchanga vilivyojaa maji ya chumvi, na juu yake tabaka lisilopitisha kitu huizuia isipande. Watetezi wanasema ni salama. Wapinzani wanasema tunawazikia wajukuu bomu.

Ripoti ya 2005 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilisema kuwa kwenye eneo lililochaguliwa na kusimamiwa vizuri, yaelekea sana zaidi ya 99% ya hewa hiyo itabaki chini kwa miaka 100. Uzito wote uko kwenye hayo maneno "lililochaguliwa vizuri". Anayechagua anajuaje?

Msimamo wangu: hakuna tathmini ya awali inayotosha. Kibali kitolewe kwa awamu: sukuma kidogo, pima, linganisha na ulichotabiri, ndipo uruhusiwe kuongeza. Kwenye mradi wa gesi wa Snøhvit, Norwe, walianza kuzika 2008 kwenye tabaka la mwamba liitwalo Tubåen. Mgandamizo ukapanda haraka kuliko makadirio, na 2011 wakahamia tabaka jingine, Stø. In Salah, Algeria, walizika karibu tani milioni 3.8 kuanzia 2004. Satelaiti zikaonyesha ardhi inainuka kwa milimita kadhaa kwa mwaka, na 2011 kazi ikasitishwa kwa hofu kuwa mwamba wa juu unaweza kupasuka. Kote huko wataalamu walikuwa wamepima kabla.

Mchangiaji wa 2
Mkuu, mbona umeuruka mradi wa Sleipner wa Norwe? Wanazika tangu 1996, kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka, chini ya Bahari ya Kaskazini. Wamepiga picha za mitetemo (mawimbi yanayopenya ardhini kuonyesha kilichomo) mara nyingi na hewa haijatoka. Karibu miaka 30! Mnataka ushahidi gani zaidi? Kila mwaka tunaobishana, hewa hiyohiyo inaenda angani, na huko hakuna tabaka la kuizuia.

Mleta mada
Sikuikwepa, ni mfano mzuri upande wangu. Picha za 1999 zilionyesha hewa imeshapenya tabaka nyembamba za mfinyanzi na kufika juu kabisa ya Utsira, mwamba wa mchanga inamozikwa, miaka mitatu tu tangu waanze. Paa la juu liliishika, sawa. Ila tumelijua hilo kwa sababu walirudi kupima.

Mchangiaji wa 3
Mnajadili mwamba tu, pesa mmeziacha. Sehemu kubwa ya hewa iliyonaswa hadi leo imetumika kusukuma mafuta yatoke kwenye visima vilivyochoka. Mafuta hayo yanachomwa wapi? Mradi wa gesi wa Gorgon, Australia, uliahidi kuzika angalau 80% ya hewa ukaa itokayo kwenye hifadhi zake za gesi. Gesi ilianza kuuzwa 2016, kuzika kukaanza 2019, na lengo hawajalifikia. Leseni ya gesi haikusubiri. Hiyo "awamu kwa awamu" yako itakuwa hivyohivyo: awamu ya biashara inakimbia, ya kuzika inachechemea.

Mchangiaji wa 4
Nachangia upande wa uchimbaji. Mwamba wenyewe ni nadra kuniogopesha. Mimi naogopa matundu tuliyoyatoboa sisi. Hewa ukaa ikikutana na maji inakuwa asidi, na asidi inakula saruji mbovu na chuma. Hapohapo In Salah, 2007, hewa ilijitokeza kwenye kisima cha zamani cha utafiti. Kwenye mradi wa kuzika wa Decatur, Illinois, Marekani, 2024 ikafahamika kuwa kimiminika kimehamia tabaka lisiloruhusiwa, na njia yake ilikuwa kisima cha ufuatiliaji kilicholiwa na kutu. Yaani mlinzi ndiye aliyefungua mlango! Kwa hiyo, mleta mada, ukidai vipimo vingi jua unadai matundu mengi. Kabla ya kibali mimi ningetaka orodha ya kila kisima cha zamani katika eneo, kilizibwa mwaka gani, kwa saruji gani. Uwanja wa mafuta uliochoka tunaufahamu vizuri, lakini umetobolewa kila mahali. Tabaka la maji ya chumvi ambalo halijaguswa lina matundu machache, na data chache vilevile.

Mchangiaji wa 2
Basi twendeni kwenye basalti, mwamba wa volkano. Hellisheiði, Iceland, zaidi ya 95% ya hewa iliyosukumwa iligeuka jiwe chini ya miaka miwili. Jiwe halivuji.

Mchangiaji wa 4
Kweli, ila kila tani moja pale iliyeyushwa kwa takriban tani 25 za maji. Na basalti haipo kila palipo na kiwanda.

Mleta mada
Hoja ya matundu naipokea: vipimo vya juu ya ardhi na vya satelaiti vitangulie, visima vya kupimia viwe vichache. Kwa mchangiaji wa 3: ndiyo maana nataka kibali cha kuzika kifungwe pamoja na leseni ya uzalishaji, moja ikisimama na nyingine isimame. Bado kuna suala la dhamana, yaani nani anawajibika hewa ikivuja. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya 2009, unaruhusu dhamana ihamie serikalini baada ya eneo kufungwa, kwa kawaida si chini ya miaka 20. Marekani inaanzia miaka 50 ya ufuatiliaji. Mimi ningekataa kuhesabu miaka. Kampuni iachiwe pale tu vipimo vitakapofuata utabiri wake na mgandamizo kushuka, hata ikichukua miaka 70.

Mchangiaji wa 3
Na kampuni ikifilisika mwaka wa 30?

Mleta mada
Fedha za ufuatiliaji ziwekwe kwenye mfuko kabla ya tani ya kwanza kushuka. Asiye nazo asianze.