Mikataba ya madini na gesi: iwekwe hadharani au ibaki kabatini?

Wakuu, naomba tujadili bila vyama.

Januari 2020 serikali ya Tanzania ilitiliana saini na Barrick, kampuni ya dhahabu ya Canada, sakata la makinikia (mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje) likafungwa. Dai la kodi la 2017 lilikuwa dola bilioni 190. Tukaishia kwenye dola milioni 300, asilimia 16 ya hisa za migodi na "nusu kwa nusu" ya faida za kiuchumi. Kushuka huko sikugombi, madai ni madai. Ila vijiweni watu wanadhani tunapewa nusu ya faida, kumbe ndani ya nusu yetu zimo kodi na mrabaha (malipo ya serikali kwa kila madini yanayochimbwa). Gharama zipi zinatolewa kabla ya kugawana? Nani anazikagua? Jibu limo kwenye mikataba. Na sheria ya 2015 ya uwazi katika tasnia ya uziduaji (madini, mafuta na gesi), kifungu cha 16, inataka waziri aichapishe. Kwa nini mpaka leo tunaomba kama hisani?

*Mzee wa Hesabu:*
Mkuu, unafanya biashara gani? Ukishaanika mkataba mmoja, anayekuja kesho anaingia chumbani akijua mwisho wako. Gesi ya Lindi bado iko mezani, halafu unataka tucheze karata zimefunuliwa?

*Mleta mada:*
Karata hizo wenzetu walishaziona zamani, wana wanasheria wanaozunguka nchi kwa nchi. Asiyeziona ni mimi na wewe. Nyongeza ya mkataba wa kitalu namba 2 cha gesi baharini na Statoil ya Norway, siku hizi Equinor, ilivuja 2014. Watu wakailinganisha na mkataba wa mfano wa serikali yenyewe, wakakuta mgao wa TPDC, shirika letu la mafuta na gesi, uko chini. Siri ile ilimlinda nani?

*Mzee wa Hesabu:*
Hapo umenibana kidogo. Lakini mkataba una kurasa mia na ushee za Kiingereza cha mahakamani. Nani atausoma?

*Mkazi wa Geita:*
Samahanini wakubwa, ninyi mnabishania dari, sisi tuko sakafuni. Mgodi unalipa halmashauri ushuru wa huduma, asilimia ndogo ya mauzo ghafi. Halafu kuna fedha za wajibu kwa jamii. Kwenye kata yetu kuna zahanati imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa kwamba ni msaada wa mgodi. Mlango una kufuli. Nilikwenda kuuliza iligharimu kiasi gani, nikaambiwa faili liko kwa mhandisi. Kwa mhandisi nikaambiwa liko kwa mwanasheria. Mkataba mtausoma ninyi. Mimi nitajieni kilichoingia robo hii na kilikokwenda.

*Mleta mada:*
Ndugu yangu, hatupingani. Huo ushuru utauhakikije bila kujua waliuza dhahabu kiasi gani na kwa bei gani? Ripoti za TEITI, chombo cha uwazi wa mapato ya madini na gesi, zinalinganisha kampuni ilichosema imelipa na serikali ilichosema imepokea, kazi nzuri, ila hutoka mwaka wenyewe umeshapita na diwani pengine ameshabadilishwa. Si wangebandika tu kila robo mwaka kwenye ubao wa matangazo wa kata?

*Mkazi wa Geita:*
Ubao tunao. Jana nimepita hapo, kuna tangazo la mnada wa mbuzi waliokamatwa wakizurura.